Wadudu wa Maua ya Haradali na Mbegu za Mboga: Hotuba kwa Wakulima wa Webuye na Jirani Zao



Katika nchi ya Webuye, kutoka maporomoko ya Nabuyole katika Mto Nzoia mpaka vilima vya Chetambe, na kuendelea kwa barabara ipitayo Kamukuywa na Kiminini mpaka Kitale, mazao makubwa yaonekanayo ni mahindi na miwa. Mazao haya mawili yamewazoesha watu jambo moja, nalo ni kutowajali wadudu wa maua. Mahindi huzaa kwa msaada wa upepo: unga wa ua la juu hupeperushwa ukashika nyuzi za hindi changa, na kila uzi upatao unga huzaa punje moja. Miwa nayo mkulima haipandi kwa mbegu. Huikata vipande akavifukia, vikachipua. Kwa hiyo mkulima wa mahindi na miwa aweza kuishi miaka mingi na kupata mavuno mema bila ya kumwangalia nyuki hata mara moja, ila siku ile atakapotaka asali, au siku ile atakapoumwa.

Lakini nyuma ya nyumba, penye bustani ya mboga, mambo ni mengine. Pale hupandwa sukuma wiki, kanzira, kabichi, na pengine haradali yenyewe. Mboga hizi zote ni za ukoo mmoja, na ukoo huo hujulikana kwa ua lake: majani manne ya rangi ya manjano, au nyeupe inayoelekea manjano, yamepangwa mfano wa msalaba. Mboga za ukoo huu zikitakiwa kutoa mbegu haziutegemei upepo kama mahindi. Huwategemea wadudu, nyingine kwa sehemu, nyingine karibu kabisa.

Hotuba hii yahusu wadudu hao: ni akina nani, wafanya kazi gani, na kwa nini mkulima anayewaua kwa dawa wakati wa maua huwa anajinyima mbegu za mwaka ujao kwa mkono wake mwenyewe.

UA LENYEWE

Mtu akichuma ua moja la haradali na kulifungua polepole ataona mambo manne. La kwanza ni yale majani manne ya manjano, ambayo ni kama bendera ya kuwaita wageni. La pili ni vijiti sita, vinne virefu na viwili vifupi, na juu ya kila kijiti pana kifuko cha unga. Unga huo wataalamu huuita chavua, nao ndio sehemu ya kiume. La tatu ni nguzo moja ya kijani iliyosimama katikati, yenye kichwa cha kunata. Hiyo ndiyo sehemu ya kike, na ndani yake ndimo zitakamokaa mbegu. La nne, chini kabisa penye shina la vile vijiti, ni vitone vya maji matamu yaitwayo mbochi.

Mbochi hiyo ni mshahara. Mmea hauwezi kutembea kwenda kutafuta mwenzi, kwa hiyo huwalipa wapagazi. Mdudu huja kwa ajili ya mbochi, au kwa ajili ya unga wenyewe, ambao ni chakula chema kwa watoto wake. Anapoinama kunywa, mwili wake hugusa vifuko, na unga hunata katika nywele zake. Akienda ua la pili, sehemu ya unga ule hubaki juu ya kichwa cha nguzo. Hapo ndipo mbegu inapopata uhai. Baada ya siku chache majani ya manjano hupukutika, na nguzo hurefuka ikawa ganda jembamba lenye mbegu kumi, ishirini, au zaidi. Unga usipofika, ua huanguka bure, au ganda huwa fupi, limepinda, na ndani yake hamna kitu.

Unga wa maua haya hunata kidogo, wala si mwepesi kama ule wa mahindi. Upepo waweza kuusogeza karibu, hasa pale ambapo mimea imesongamana na matawi yake kugusana. Lakini kuutoa katika mmea huu na kuufikisha katika mmea ule, hiyo ni kazi ya wadudu.

UKOO MMOJA, TABIA MBALIMBALI

Mboga za ukoo huu hazina tabia moja, na hapa mkulima hana budi kusikiliza vizuri, maana ndipo wengi wanapopata hasara bila ya kujua sababu.

Kanzira asili yake ni nyanda za juu za Ethiopia, ndiyo maana mahali pengi huitwa haradali ya Ethiopia. Mwaka 1935 mtaalamu aliyefanya kazi Japani, jina lake U Nagaharu, alionyesha kwamba kanzira ni mtoto wa mimea miwili: haradali nyeusi kwa upande mmoja, na mmea wa jamii ya kabichi kwa upande wa pili. Maana yake ni kwamba zamani sana unga wa mmea mmoja ulifika katika ua la mmea mwingine wa ukoo, na aliyeupeleka, yaelekea, alikuwa mdudu. Basi mboga ipikwayo leo katika nyumba nyingi za Bungoma yaelekea kuwa tunda la kazi hiyo.

Kanzira yaweza kuzaa kwa unga wake yenyewe, na hata wadudu wakiwa wachache mkulima hupata mbegu. Hata hivyo wadudu huizuru sana, na sehemu ya mbegu zake hutokana na unga wa miche jirani. Haradali ya majani, pamoja na ile ilimwayo India kwa ajili ya mafuta, ina tabia iliyo karibu na hiyo. Huko India, hasa katika jimbo la Rajasthan, wafuga nyuki huipakia mizinga yao katika malori wakati wa baridi na kuipeleka penye mashamba ya haradali yaliyochanua. Mfuga nyuki hupata asali, na mwenye shamba hupata wafanya kazi.

Sukuma wiki na kabichi tabia yao ni nyingine. Mmea wa sukuma wiki huukataa unga wake wenyewe. Hata ukimiminwa juu ya kichwa cha nguzo, unga huo haupati njia ya kuingia ndani. Mmea hutaka unga wa mmea mwingine wa aina yake, usio wa damu moja nao. Jambo hili halitakuwa geni kwa watu wa Webuye, kwa kuwa desturi ya kale ya Wabukusu ni kwamba kijana haoi katika ukoo wake mwenyewe. Hutoka akatafuta mchumba katika ukoo mwingine. Sukuma wiki hushika desturi kama hiyo, na mshenga wake ni nyuki.

Mtaalamu wa Kiingereza, Charles Darwin, aliandika juu ya mambo haya katika kitabu chake cha mwaka 1876, baada ya kuifanyia majaribio mimea ya aina nyingi, kabichi ikiwa mojawapo. Aliona kwamba aghalabu miche iliyotokana na unga wa mmea mwingine ilikuwa mirefu na yenye nguvu kuliko ile iliyotokana na unga wa mmea wenyewe.

Kutokana na tabia hiyo ya sukuma wiki hutokea mambo mawili ambayo huwashangaza wengi. La kwanza ni la mtu anayeacha mche mmoja tu, ule ulio mzuri kupita yote, ili autoe mbegu. Mche huchanua vizuri, nyuki huja kwa wingi, lakini maganda yakikauka hukutwa ni matupu, au yana mbegu mbili tatu. Mtu huyo hulaumu mvua, hulaumu udongo, na pengine hulaumu jicho la jirani. Kosa halimo katika hayo. Mche ulikuwa peke yake, na nyuki hawakuwa na unga mwingine wa kuuletea.

La pili ni gumu zaidi kulitambua. Watu wengi hupanda sukuma wiki kwa machipukizi, yaani huvunja chipukizi la ubavuni mwa mmea wa zamani na kulichomeka ardhini. Njia hiyo ni nyepesi, tena ni nzuri kwa kupata majani. Lakini safu nzima ya miche ishirini yaweza kuwa imetoka kwa mama mmoja. Kwa macho ni miche ishirini. Kwa damu ni mmea mmoja. Nyuki watahama kutoka mche huu hadi ule tangu asubuhi mpaka jioni, na bado mbegu zitakuwa chache, kwa kuwa unga wanaoubeba ni ule ule uliokataliwa. Atakaye mbegu hana budi kuchanganya machipukizi ya mama mbalimbali, akabadilishana na jirani zake.

Tena yafaa kukumbuka kwamba sukuma wiki huhitaji baridi kabla ya kuchanua. Ndiyo sababu maua yake huonekana kwa urahisi zaidi huko Kitale na katika miteremko ya Mlima Elgon kuliko sehemu za chini zenye joto. Kanzira na haradali hazingojei baridi hiyo.

WAGENI WA UA

Wa kwanza katika wageni ni nyuki wa asali, ambaye kila mtu amjua. Mzinga mmoja wenye afya huwa na nyuki maelfu mengi. Nyuki huyu ana tabia moja inayomfaa sana mkulima: katika safari moja aghalabu hushika maua ya aina moja tu. Akianza na haradali, huendelea na haradali mpaka arudi nyumbani. Hachanganyi na maua ya boga wala ya magugu. Kwa hiyo unga anaoubeba hufika mahali unapotakiwa. Yale mabonge ya manjano yaonekanayo katika miguu yake ya nyuma ni chakula anachopeleka mzingani, na hayo hayamfai mkulima. Unaomfaa ni ule unga uliotawanyika katika nywele za mwili.

Watu wa zamani walidhani kwamba wadudu huja mauani kwa kubahatisha tu. Mwaka 1793 Mjerumani mmoja, Christian Konrad Sprengel, alichapisha kitabu kueleza kwamba rangi na mbochi za maua zipo kwa ajili ya kuwaita wadudu. Wakati wake wachache walimsadiki. Baadaye Karl von Frisch, mtu wa Austria, alithibitisha kwamba nyuki huona rangi, na kwamba nyuki aliyepata chakula hurudi mzingani akacheza ngoma ya kuwaonyesha wenzake upande na umbali wa maua. Kwa kazi yake alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Macho ya nyuki huona hata aina ya mwanga usioonekana na binadamu. Basi ua la haradali, lionekanalo kwa mtu kuwa ni manjano tu, kwa nyuki lina mapambo zaidi.

Wa pili ni nyuki wadogo wasio na mwiba. Hawa hukaa katika mashimo ya miti, katika nyufa za kuta, na wengine chini ya ardhi. Asali yao ni kidogo, na watu wengi huitumia kama dawa. Wapo katika Msitu wa Kakamega, ulio kusini ya Webuye, na wataalamu wa taasisi ya wadudu iitwayo icipe, iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, wamewafundisha wakulima wa kandokando ya msitu huo namna ya kuwafuga.

Wa tatu ni nyuki wanaoishi peke yao. Watu wengi hudhani kwamba kila nyuki ana mzinga na malkia. Sivyo. Duniani ziko aina za nyuki zipatazo elfu ishirini, na nyingi kati ya hizo hazina mzinga. Jike huchimba tundu lake mwenyewe ardhini, au hutoboa mti mkavu, akaweka humo unga wa maua na yai, akaziba, akaenda zake. Katika Msitu wa Kakamega peke yake wataalamu wamekwisha kuhesabu aina za nyuki zaidi ya mia mbili. Miongoni mwao wamo wale wakubwa weusi wanaotoboa nguzo na boriti za nyumba. Hao huchukiwa kwa sababu ya boriti, lakini ndio wenye nguvu ya kufungua maua ya mitoo, ambayo nyuki wadogo huwashinda.

Wa nne ni nzi wa maua. Wengi wao wana mistari ya manjano na nyeusi, hata mtu huwadhania kuwa ni nyuki au nyigu. Njia ya kuwatambua ni hii: nzi ana mabawa mawili na nyuki ana manne; tena nzi huyu husimama hewani mbele ya ua bila ya kusogea, kana kwamba ametundikwa kwa uzi. Haumi. Faida yake ni mara mbili, maana mkubwa hupeleka unga, na watoto wa aina nyingi za nzi hawa, ambao ni kama viwavi vidogo visivyo na miguu, hula vidukari vinavyofyonza majani ya sukuma wiki. Mtu anayeviona vifunza hivyo kati ya vidukari na kuvipiga dawa huwa amemwua askari pamoja na mwizi.

Wa tano ni vipepeo na wadudu wenye magamba magumu. Vipepeo wana ulimi mrefu na miguu myembamba, kwa hiyo hunywa mbochi na kubeba unga kidogo tu. Wadudu wenye magamba wengine hubeba unga, na wengine ni walafi walao ua lenyewe. Wote hao ni wageni, lakini si wote walio wafanya kazi.

JARIBIO LIWEZALO KUFANYWA NA KILA MTU

Si lazima mkulima asadiki maneno matupu. Achague mmea mmoja wa kanzira na mmea mmoja wa sukuma wiki iliyo karibu kuchanua, penye miche mingine ya aina yake. Katika kila mmea achague matawi mawili yanayolingana. Kabla ya ua la kwanza kufunguka, tawi moja alivike mfuko ulioshonwa kwa kipande cha chandarua cha zamani, aufunge kwa uzi chini yake, na auache uwe mpana ili usiguse maua. Tawi la pili aliache wazi. Maua yakiisha, autoe mfuko. Maganda yakikauka, ahesabu maganda ya kila tawi na mbegu zilizo ndani.

Katika kanzira atakuta kwamba hata tawi lililofungwa limezaa. Katika sukuma wiki atakuta kwamba tawi lililofungwa lina mbegu kidogo sana au halina kabisa, na lile lililokuwa wazi limejaa. Tofauti iliyopo kati ya matawi hayo mawili ndiyo kazi ya wadudu, imepimwa kwa mkono wa mkulima mwenyewe.

Walimu nao waweza kuwapeleka watoto wa shule penye maua siku ya jua, tangu saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana, wakati wadudu wanapofanya kazi zaidi. Kila mtoto asimame mbele ya tawi moja kwa robo saa, aandike wadudu wangapi walikuja na ni wa namna gani. Siku ya mawingu na baridi wafanye vivyo hivyo, walinganishe hesabu.

WADUDU WAKIKOSEKANA

Nchi jirani ya Uganda hulima vanila. Mmea huu ulitoka Meksiko, na wadudu wake hawakuja nao. Kwa hiyo mkulima wa vanila hana budi kuamka asubuhi wakati wa maua, akafungua ua moja moja kwa kijiti na kusukuma unga kwa kidole. Ua hudumu siku moja tu, likipita, limepita. Njia hiyo ilivumbuliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na kijana mtumwa wa miaka kumi na miwili, Edmond Albius, na mpaka leo haikupatikana iliyo bora. Watu wafanya kazi ambayo mdudu angeifanya bila malipo.

Mfano wa pili ni wa michikichi. Asili yake ni Afrika, lakini ilipandwa kwa wingi Malaysia, na huko watu walilazimika kuipaka unga kwa mikono. Mwaka 1981 mdudu mdogo aliyetolewa Kamerun alipelekwa huko na kuachwa mashambani. Tangu hapo kazi ile ya mikono haikuhitajiwa tena.

Karibu na nyumbani, wataalamu waliwapimia wakulima wadogo wa Kakamega faida ya nyuki katika mazao manane, miongoni mwake maharagwe, kunde, alizeti, nyanya na pasheni, na wakachapisha hesabu zao mwaka 2009. Waliona kwamba karibu sehemu mbili katika kila tano za thamani ya mazao hayo zilitokana na kazi ya nyuki. Na katika dunia nzima, hesabu iliyotolewa mwaka 2007 ilionyesha kwamba katika mazao makuu 115, mazao 87 hunufaika, kidogo au sana, kwa wadudu na wanyama wapelekao unga.

Kitale ni mji wenye sifa ya mbegu. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa huko mwaka 1956, na mahindi ya Kitale yamejulikana mbali. Mbegu hizo za mahindi hununuliwa dukani kila mwaka. Lakini mbegu za kanzira na za sukuma wiki ya kienyeji, zile zilizozoea udongo na mvua ya Webuye, aghalabu hazikai dukani. Hukaa katika kibuyu au chupa ya mama mmoja, na zikikosekana kwake hakuna mahali pa kuzinunua.

ADUI WA WADUDU

Adui wa kwanza ni dawa itumiwayo vibaya. Mboga za ukoo wa haradali hushambuliwa na vidukari na viwavi vya nondo, na si ajabu mkulima kutafuta dawa. Ubaya huja anapoinyunyiza juu ya maua, tena mchana wakati wa jua, wakati ule ule ambapo nyuki wamejaa. Wengine hufa pale pale. Wengine hufika nyumbani na sumu katika unga wa maua, wakawalisha watoto wao. Baada ya hapo mfuga nyuki husema mzinga umehama, na mwenye bustani husema mbegu za mwaka huu si nzuri. Na kumbe jambo ni moja.

Adui wa pili ni moto. Mtu anayevuna asali kwa mwenge wa moto mkali huua nyuki wengi, na achomaye vichaka vya kilimani huteketeza miti mikavu wanamokaa nyuki wa peke yao. Adui wa tatu ni usafi uliopita kiasi. Shamba likilimwa mpaka ukingoni, bila ya ua wa miti wala magugu yenye maua, wadudu hukosa chakula katika miezi ambayo haradali haichanui. Mfanya kazi asiyepata chakula miezi minane hatangoja mpaka mwezi wa tisa.

MAMBO YA KUFANYA

Kwanza, anayetaka mbegu asiache mche mmoja. Aache miche mingi, ishirini au zaidi ikiwezekana, mizuri, yenye asili mbalimbali, karibu karibu mahali pamoja. Maua mengi ya pamoja huwavuta wadudu kuliko mche huu hapa na ule kule.

Pili, asinyunyize dawa katika miche iliyochanua. Ikiwa hapana budi kuitibu sehemu nyingine ya bustani, afanye jioni jua likitua, wakati nyuki wamekwisha kurudi, tena pasipo upepo. Asome maandishi ya chupa, au amwulize bwana shamba kabla ya kununua.

Tatu, miche michache yenye vidukari aitazame kwanza. Akiona nzi wa maua na vifunza vyake, angoje. Tawi lililozidiwa aweza kulikata na kulifukia.

Nne, aache ukingo wa shamba usiolimwa, wenye maua ya mwituni, na pahali pakavu pa udongo mgumu kwa nyuki wachimbao.

Tano, mwenye nafasi atundike mzinga mmoja au miwili, mbali kidogo na nyumba na zizi. Avune asali kwa moshi wa polepole, wala si kwa moto, na awaachie nyuki akiba.

Sita, na hili ni onyo, akumbuke kwamba nyuki hachagui kwa niaba ya mkulima. Kabichi na sukuma wiki ni ndugu wa karibu mno. Zikichanua pamoja, nyuki huzichanganya, na mbegu zake huota miche isiyo kabichi wala sukuma wiki. Anayetaka mbegu safi aweke kilomita moja au zaidi kati yake, au ahakikishe kwamba moja tu ndiyo iliyochanua kwa wakati huo. Hili haliwezi kufanywa na mtu mmoja, maana nyuki huvuka mipaka ya mashamba. Hutaka jirani wapatane: mwaka huu nyumba hii itatoa mbegu za sukuma wiki, na nyumba ile mbegu za kanzira, kisha wagawiane.

Mapatano hayo yafaa hata kwa habari ya dawa. Mtu aweza kutunza maua yake kwa uangalifu wote, lakini jirani yake akinyunyiza saa tano mchana, wadudu wa wote wawili watakufa. Kwa hiyo jambo hili ni la kuzungumzwa katika vikundi vya wakina mama, katika baraza la chifu, na katika vyama vya wakulima, kabla ya maua kufunguka. Waheshimu siku za maua kama wanavyoheshimu siku za kupanda, na kila mmoja amwarifu mwenzake anapotaka kupiga dawa. Maua ya haradali hayakai muda mrefu. Ua moja hudumu siku tatu hivi, na bustani nzima majuma machache. Katika majuma hayo machache ndipo mbegu za mwaka mzima hupatikana au hupotea.